Hiyo ISO 100 yenu ndiyo inayoharibu picha

Juzi tena. Kijana kaniletea picha arobaini alizopiga kwenye bustani ya Mama Ngina, Mombasa, baada ya jua kuzama, watoto wakikimbizana chini ya mibuyu, na zote arobaini zimetikisika. Nikamuuliza ISO ngapi, yaani kiwango ambacho kamera inaukuza mwanga iliopokea. "Mia moja, mwalimu. Sikutaka chembechembe." Alimaanisha vile vidoa vinavyotapakaa kwenye picha. Jibu hilo nimelisikia kupita kiasi.

Dhana: ISO ikipanda, picha imeharibika

Chembechembe chanzo chake kikubwa ni uhaba wa mwanga unaofika kwenye sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Magharibi ikiingia mwanga ni haba, upandishe ISO usipandishe. Ukiing'ang'ania 100, utalazimika kuacha shata, kile kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia, wazi kwa muda mrefu, tuseme 1/6 ya sekunde, na mtoto anayekimbia anageuka moshi. Panda hadi 3200 na shata inafika karibu 1/200. Sasa kicheko chake kinaonekana. Wengine hupiga giza makusudi, kisha wakaing'arisha picha kwenye kompyuta wakidhani wameziepuka chembechembe. Zinatoka zile zile, pengine zaidi. Tena chembechembe programu itazipunguza, lakini sura iliyokwisha kufutika kwa mwendo hairudi.

Linaloniuma hasa ni kwamba watu hawa wanaamini usafi wa picha ndio uzuri wake. Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris, mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alimpiga picha mtu akiruka juu ya maji yaliyotuama. Mtu yule amefifia kwa mwendo, lakini kisigino chake kimekaribia kugusa maji, na hadi leo unamtazama ukingoja atue.

Basi nawe ukitaka watoto wawe moshi, taka kwelikweli. Weka kamera kwenye tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, shata nusu sekunde, na mbuyu uingie ndani ya fremu. Mbuyu utatulia, watoto watapita kama upepo, na mtazamaji ataelewa kuwa umekusudia. Ufundi ule ule, ila safari hii umeuamrisha wewe. Picha za yule kijana zilitikisika bila yeye kutaka, na hilo ndilo kosa lake pekee.

Mengine, kwa ufupi

Megapikseli nyingi, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, si picha bora. Kuchapa ukurasa wa A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) kunahitaji karibu megapikseli 9 tu. Kabla ya kununua simu mpya, pangusa lenzi ya hiyo uliyo nayo. Hapa pwani chumvi na jasho huigandia kila siku.

Kuhariri si kudanganya. JPEG ya simu yako, lile faili la picha inalolihifadhi, imeshahaririwa kabla hujaiona, na enzi za filamu wachapaji wa picha walikinga mwanga kwa mkono usifike sehemu ya karatasi ili isiwe nyeusi mno. Kubandika jahazi ambalo halikuwepo, huo ndio uongo.

Na jua la saa sita si "mwanga mzuri" kwa sababu ni mwingi. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta: jua linasimama utosini, macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi. Saa hiyo ingia Mji wa Kale, tafuta kichochoro chenye ukuta mweupe unaopigwa na jua, na umsimamishe mtu wako mlangoni upande wa pili, kivulini. Mwambie ageuze uso kidogo kuelekea ukutani, ndipo ubonyeze.