Kufunga shule wakati wa janga: hesabu inasemaje, na hukosea wapi?

Shule zikifungwa kwa sababu ya ugonjwa, mzazi huambiwa kwamba wataalamu wameshapiga hesabu. Haya ni maswali ambayo mzazi, mwalimu au mjumbe wa kamati ya shule ana haki ya kuyauliza kuhusu hesabu hiyo.

Modeli ya ugonjwa ni nini hasa?

Ni hesabu inayogawa watu kwenye mafungu: wasioambukizwa bado, walioambukizwa lakini hawajaanza kuambukiza, wanaoambukiza, na waliopona au kufariki. Siku kwa siku, hesabu huwahamisha watu kutoka fungu moja kwenda jingine. Msingi wake uliwekwa na wanasayansi Kermack na McKendrick mwaka 1927, na kompyuta za leo bado zinautegemea.

Kasi ya kuhama huamuliwa na mambo matatu: mtu anakutana na wangapi kwa siku, kila wakikutana uwezekano wa kuambukiza ni kiasi gani, na anaambukiza kwa siku ngapi. Ukiyazidisha unapata namba inayoitwa R, yaani mgonjwa mmoja kwa wastani huambukiza wangapi. Anza na wagonjwa 10. R ikiwa 2.5, mizunguko minne ya kuambukizana inakupa wagonjwa wapya 25, kisha 63, 156, na 391. R ikishuka hadi 2, ni 20, 40, 80, na 160. Ikishuka hadi 0.9, mzunguko wa nne hauna hata wagonjwa 7. Ndiyo maana punguzo dogo la makutano linaweza kuleta tofauti kubwa baada ya wiki chache.

Kufunga shule hugusa jambo la kwanza tu kati ya yale matatu. Kufungua madirisha na kuvaa barakoa hugusa la pili.

Wataalamu wanajuaje mtoto anakutana na watu wangapi?

Huwauliza. Kilifi, pwani ya Kenya, kati ya Agosti 2011 na Januari 2012, watafiti waliwapa watu wa rika zote shajara ya siku moja, waandike kila mtu waliyegusana naye. Shajara 568 zilifaa kutumika. Wastani ulikuwa watu 17.7 kwa siku. Watoto wachanga walikuwa chini kabisa kwa 13.9, na wenye umri wa miaka 6 hadi 15 walikuwa juu kabisa kwa 20.1. Vijijini watu waligusana na wengi zaidi kuliko kwenye viunga vya mji: 18.8 dhidi ya 15.6.

Takwimu za aina hii ni muhimu mno kwetu. Modeli iliyojengwa kwa shajara za Ulaya haiijui nyumba ambayo bibi, shangazi na wajukuu wanakula sinia moja.

Basi shule ikifungwa, makutano ya shuleni yanafutika?

Hapana, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Mtoto hafutiki, huhamia kwingine.

Tuchukue mtoto mwenye makutano 20 kwa siku, na kwa ajili ya hesabu tu tuyagawe hivi: 8 nyumbani, 9 shuleni, 3 kwingineko. Anayepiga hesabu kwa haraka atafuta yale 9 na kutangaza punguzo la asilimia 45. Ripoti ya chuo kikuu cha Imperial College London ya Machi 16, 2020, ambayo ilitikisa sera za Uingereza, haikufanya hivyo. Ilichukulia kwamba shule zikifungwa, makutano ya nyumbani kwa familia zenye wanafunzi yanaongezeka kwa asilimia 50, na ya mtaani kwa asilimia 25. Tukitumia viwango hivyo kwa mtoto wetu, nyumbani panakuwa 12, kwingineko 3.75, jumla 15.75. Punguzo halisi ni kama asilimia 21, chini ya nusu ya lile la kwanza.

Na si idadi tu iliyobadilika. Shuleni alikaa na wenzake wa rika lake. Sasa yuko na babu siku nzima. Kwa ugonjwa unaoua zaidi wazee, hilo lina uzito kuliko idadi yenyewe. Ongeza tuisheni ya uchochoroni, watoto 15 kwenye chumba kimoja chenye dirisha moja, na punguzo linaweza kuliwa lote.

Kwa nini kufunga shule kunasaidia zaidi kwa mafua kuliko ilivyokuwa kwa korona?

Kwa sababu mafua hubebwa sana na watoto. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba likizo za shule huzuia asilimia 16 hadi 18 ya wagonjwa wa mafua ya msimu. Watafiti wakakadiria kwamba, kwenye janga la mafua, kufunga kwa muda mrefu kungepunguza jumla ya wagonjwa kwa asilimia 13 hadi 17, lakini kilele, yaani wakati wagonjwa ni wengi kuliko wote, kingeshuka hata kwa asilimia 39 hadi 45. Shika tofauti hiyo: jumla haishuki sana, ila wagonjwa hawaji hospitali wote wiki moja. Kwa wodi yenye mitungi michache ya oksijeni, kilele ndicho kinachoua.

Korona ya mwanzo ilikuwa tofauti. Uchambuzi wa takwimu za nchi kadhaa mwaka 2020 ulikadiria kwamba walio chini ya miaka 20 walikuwa na uwezekano wa kuambukizwa karibu nusu ya ule wa watu wazima. Modeli za wakati ule nazo zilikadiria kuwa kufunga shule peke yake kungezuia asilimia 2 hadi 4 tu ya vifo.

Vipi shule za bweni?

Hizi zinahitaji hesabu yake. Bweni ni kama chungu kilichofunikwa: kama virusi havijaingia, kuwaweka wanafunzi ndani ni kinga. Vikishaingia, kuwatawanya siku moja ni kuvipandisha basi kwenda kila wilaya. Modeli inayochanganya bweni na kutwa kwenye fungu moja haiwezi kukupa jibu la kuaminika.

Wakati sahihi wa kufunga ni upi?

Mapema kuliko takwimu zinavyoonekana kudai. Kutoka kuambukizwa hadi dalili za korona ya mwanzo ni kama siku 5, na hadi kifo mara nyingi wiki tatu au zaidi. Anayesubiri vifo ndipo achukue hatua anaangalia picha ya wiki tatu zilizopita. Wagonjwa wakiongezeka maradufu kila siku 4, siku 20 ni mara tano za kuongezeka maradufu: 1 amekuwa 32.

Na kufungua?

Hapa modeli za ugonjwa ni bubu upande mmoja. Zinahesabu maambukizi na vitanda, hazihesabu msichana aliyepata mimba au kijana aliyekwenda machimboni asirudi darasani. Uganda ilifunga Machi 2020, ikafungua kikamilifu Januari 2022, karibu miezi 22, huku madarasa machache tu yakiruhusiwa kwa vipindi katikati. Kwa maoni yetu, hakuna amri ya kufunga inayopaswa kutolewa bila tarehe ya kuipitia upya na kigezo kilichoandikwa cha kufungua.

Kati ya kufunga na kufungua zipo njia nyingine, na modeli inaweza kuzipima. Kenya ilianza kurudisha wanafunzi Oktoba 12, 2020 kwa madarasa matatu tu: gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne. Madarasa ya zamu hupunguza makutano ya darasani kwa nusu, mradi zamu ya pili ibaki nyumbani kweli.

Mbele ya wataalamu, niulize nini?

Uliza takwimu za makutano zimetoka nchi gani na mwaka gani. Uliza wamechukulia watoto wataenda wapi shule zikifungwa, na nani atawalea. Kama muuguzi ana watoto watatu wadogo na hana wa kumwachia, wodi imepungukiwa muuguzi. Uingereza ilipofunga Machi 20, 2020, iliacha nafasi shuleni kwa watoto wa wafanyakazi wa afya. Kisha omba waonyeshe matokeo iwapo makadirio yao yamekosea kwa robo, juu na chini. Ukipewa namba moja isiyo na chini wala juu, irudishe.