Je, wajua ni kwa nini mgomba huweza kuishi katika baridi ya Ulaya?

Kwa mkazi wa Marangu au Machame, mkoani Kilimanjaro, mgomba ni mtori wa ndizi, ni pombe ya mbege na ni malisho ya ng'ombe, hivyo habari kwamba wako Waingereza wanaoupanda kama pambo la bustani humfanya atabasamu. Linalostahili kuulizwa ni namna mmea huo unavyopona mahali ambapo udongo huganda usiku wa Januari.

Jibu liko kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani. Mgomba mchanga ambao haujatoa mkungu ukikatwa kwa panga, kesho yake sehemu ya katikati huwa imechomoza juu ya mkato, nyeupe na laini, kwa sababu kile tunachokiita shina ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, yaliyojaa maji na yasiyo na ubao wowote. Shina halisi ni tunguu lililo ardhini, na majani mapya huanzia huko. Ndiyo maana barafu inapoyagandisha maganda hayo hadi yakaoza, tunguu lililofunikwa kwa udongo na matandazo hubaki hai na kuchipua joto linaporejea.

Si kila mgomba una uwezo huo. Mshare wetu, aina ya mgomba inayolimwa Kilimanjaro, usingefika mbali. Unaopendwa zaidi ni Musa basjoo, wenye asili ya kusini mwa China, ambao Wajapani waliulima kwa ajili ya nyuzi zake za kufumia nguo. Wenye bustani huuzungushia wavu wa waya, wakajaza nyasi kavu ndani na kufunika juu ili mvua isipenye, kwa kuwa unyevu pamoja na baridi huozesha haraka. Kazi yote hiyo hulenga hasa kuokoa kimo, maana mgomba hutoa makumi ya majani kabla ya mkungu, na unaoanza upya kila mwaka hauwahi. Hata ukizaa, ndizi zake ni ndogo, zimejaa mbegu na haziliki.

Mgomba mwitu wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, Ensete ventricosum, nao hupendwa huko, hasa aina yenye majani mekundu. Lakini huo kwa kawaida hautoi machipukizi, hivyo kitovu chake, yaani sehemu ya katikati inayotoa majani, kikiganda umekwisha. Kabla ya barafu ya kwanza hung'olewa, hukatwa majani na kuwekwa mahali pakavu hadi baridi ipite.