Kujua toleo la kivinjari bila kukifungua

Kwenye Linux kazi ni nyepesi: andika kwenye terminal `google-chrome --version` au `firefox --version`, jina na namba vinatoka kwenye mstari mmoja. Ukiambiwa amri haipatikani, usikate shauri kwamba kivinjari hakipo. Jaribu `google-chrome-stable`, `chromium` au `chromium-browser`. Firefox iliyowekwa kwa Flatpak (mfumo wa kusakinisha programu kwenye Linux) huulizwa hivi: `flatpak info org.mozilla.firefox`.

Kwenye macOS lazima utaje njia nzima, tena ndani ya alama za kunukuu, maana ina nafasi katikati:

`"/Applications/Google Chrome.app/Contents/MacOS/Google Chrome" --version`

Safari ina njia yake:

`defaults read /Applications/Safari.app/Contents/Info CFBundleShortVersionString`

Windows ndiko wengi hukwama. Ukiandika `chrome.exe --version`, badala ya namba linafunguka dirisha la kivinjari. Soma namba kutoka kwenye faili lenyewe kwa PowerShell:

`(Get-Item "C:\Program Files\Google\Chrome\Application\chrome.exe").VersionInfo.ProductVersion`

Faili lisipokuwepo hapo, angalia `Program Files (x86)`, kisha `%LOCALAPPDATA%\Google\Chrome\Application`, inakokaa Chrome iliyowekwa na mtumiaji asiye na haki za msimamizi. Wapo wanaopendelea rejista (Registry), hifadhi ya mipangilio ya Windows:

`reg query "HKCU\Software\Google\Chrome\BLBeacon" /v version`

Mimi siitegemei kwenye skripti. Thamani hiyo ni ya mtumiaji mmoja, na Chrome ndiyo huiandika inapofunguliwa. Skripti ikiendeshwa kwa akaunti ambayo haijawahi kufungua Chrome, haitakuta kitu.

Kingine cha kuangalia: namba ya faili si lazima iwe namba ya kivinjari kinachofanya kazi sasa hivi. Kwenye Linux, sasisho hubadilisha faili huku Chrome ya zamani ikiendelea kwenye kumbukumbu, kwa hiyo amri inakupa namba mpya. Windows ni kinyume: sasisho huwekwa pembeni kama `new_chrome.exe`, na `chrome.exe` hubaki ya zamani mpaka kivinjari kifungwe na kufunguliwa upya. Ukitaka kujua kinachoendeshwa hasa, fungua `chrome://version`.

Kwa wanaotumia ChromeDriver (programu ya kuendesha Chrome kwa skripti), sehemu ya kwanza ya namba ndiyo ya kulinganisha kwanza. Ikitofautiana na ya ChromeDriver, mara nyingi kipindi (session) hakianzi. Ikate hivi:

`google-chrome --version | grep -oE '[0-9.]+' | head -1 | cut -d. -f1`