Sumaku Haina Mafuta Ndani: Kwa Wanaounda Mota za Nyumbani

Tangu video za "jenereta isiyotumia mafuta", zinazodai kwamba sumaku pekee zinaweza kuzungusha mota bila kukoma, zianze kuzunguka Mwanga na Ujiji hapa Kigoma, dawati letu la kupokea wabunifu halipumui. Hamu tunaielewa: tumeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli.

Wiki iliyopita tuliletewa rimu ya baiskeli iliyobandikwa sumaku za spika kwa supa glu. Ukiisukuma inazunguka mara nne, tano, kisha inayumba huku na huku na kutulia pale sumaku zinapopatana. Mwenyewe akasema zinahitajika kali zaidi. Hapana. Sumaku inayoivuta rimu ikija ndiyo hiyo hiyo inayoing'ang'ania ikiondoka. Ukiongeza ukali umeongeza vyote viwili. Mnatuambia mbona sumaku ya pikipiki inatoa umeme. Inatoa, kwa sababu injini inaizungusha, na injini inakunywa petroli. Washa dinamo ya baiskeli usiku, pedali itakuwa nzito. Msomi Petrus Peregrinus alichora gurudumu kama hili mwaka 1269, na Akademia ya Sayansi ya Paris ilikataa kupokea mashine za namna hii tangu 1775. Sisi bado tunaletewa kila Jumatatu.

Anayetaka hataza (patent, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi wake) anaomba BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kupitia ORS, mfumo wake wa usajili mtandaoni, kwa namba yake ya NIDA. Ombi liwe na maelezo, madai (sehemu inayotaja hasa unachodai ni uvumbuzi wako), ikisiri (muhtasari) na michoro. Kinacholindwa ni madai, kwa hiyo yasiandikwe kwa haraka. Uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kivumbuzi (usiwe jambo la wazi kwa mtaalamu wa fani hiyo), na uweze kutumika viwandani. Tafadhali: risiti ya maombi si hataza. Kuna watu wanaionyesha kwa wanunuzi na kupokea malipo ya awali. Hilo ni suala la polisi, si la fizikia.

Jenereta ya aina yoyote isichomekwe kwenye soketi ya nyumba. Umeme unarudi hadi kwenye transfoma, unapandishwa kufikia maelfu ya volti, na juu ya nguzo yupo fundi anayeamini laini imezimwa. Inatakiwa swichi ya kubadilishia, inayotenga nyumba na laini ya nje jenereta inapowaka, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kufunga bila leseni ni kosa kisheria, hata kama nyumba ni ya mjomba.

Mtoto akimeza sumaku mbili, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Zinavutana ndani na kutoboa utumbo.

Rimu ile bado iko kaunta. Mwenyewe aje aichukue.