Chanjo za DNA na malaria: wanayosema watu, na ilivyo kweli

"Sindano ya malaria wanayochomwa watoto ina DNA." Haina DNA, yaani maandishi ya vinasaba. RTS,S, chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Malawi, Ghana na Kenya mwaka 2019, ni protini inayotengenezwa ndani ya hamira, ndiyo, hii hii ya maandazi. R21 iliyofuata ni protini vilevile. Chanjo ya DNA ya malaria, kichocho au leishmania (ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi) bado haijaidhinishwa kwa binadamu.

"DNA ya chanjo itakubadilisha vinasaba." Hofu hii naielewa, maana jina lenyewe linatisha. Kichupani mwa chanjo ya DNA mna plasmidi: kipete cha DNA chenye maelekezo ya protini moja ya kimelea, kilichozalishwa ndani ya bakteria kikasafishwa. Kikifika kwenye kiini cha seli ya msuli, maelekezo husomwa, protini hutengenezwa, na kinga huizoea sura ya adui kabla hajabisha hodi. Chenyewe hukaa kando ya kromosomu, nyuzi zinazobeba vinasaba vyako. Hakina zana ya kuzikata na kujishonea humo. Uwezekano wa kujipachika kwa bahati ulipimwa kwa wanyama, ukaonekana kuwa chini ya mabadiliko yanayotokea yenyewe mwilini.

Tena watafiti wanalia na kinyume chake: DNA haiingii ya kutosha. Panya huitikia vizuri, mtu huitikia kwa uvivu. Mwaka 1998 wajitoleaji Marekani walichomwa plasmidi ya CSP, protini inayofunika kimelea kinapotoka kwa mbu. Seli T za kuua, askari wa kinga wanaoua seli zilizoambukizwa, ziliamka; kingamwili, protini za damu zinazomnasa adui, hazikuonekana. Ndiyo sababu siku hizi wengine hutumia umeme: mshtuko mfupi, msuli unaruka, na utando wa seli unafunguka vitundu kwa muda.

"India waliweza kwa korona, malaria itashindikana vipi?" Kweli, ZyCoV-D iliidhinishwa huko Agosti 2021, chanjo ya kwanza ya DNA kwa binadamu. Ila kirusi kile kina protini zisizozidi 30 hivi. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, ana jeni zaidi ya 5,000, na hubadili nguo njiani: anayeingia ini siye anayepasua chembe nyekundu za damu. Katika jaribio lililochapishwa 2013, plasmidi za CSP na AMA1 (protini nyingine ya kimelea) zilifuatiwa na chanjo ya adenovirusi, kirusi kilichodhoofishwa kinachobeba maelekezo yaleyale, kisha watu 15 wakaumwa na mbu wenye vimelea. Wanne walikingwa kabisa.