Kiingilio bure, lakini si muziki wa kubahatisha

Watu wakisikia okestra ya mtaa inapiga muziki wa klasiki bure msimu mzima, husema: hao watakuwa wanajifunza, la sivyo wangetoza. Sivyo. Katika nyingi za aina hii Uingereza na Marekani, wapigaji ni watu wenye kazi zao na wastaafu, na baadhi wamesomea muziki. Hawalipwi, mara nyingi wao ndio hulipa ada ya uanachama, na mlangoni kuna kapu la michango.

Tena okestra ya ala za nyuzi pekee haina pa kujificha. Shingo ya fidla haina vyuma vya kugawa sauti kama gitaa. Kidole kikiteleza milimita chache tu, sauti imepotoka, na hakuna ngoma wala tarumbeta ya kuifunika. Chukua Serenadi, kipande cha okestra cha mtunzi wa Kicheki Dvořák, ya mwaka 1875: fidla, viola, selo na besi, basi. Usipojiandaa, humo utaumbuka.

Nafuu ipo kwenye nota. Dvořák alifariki 1904, hakimiliki yake imekwisha. Gharama inayobaki ni ukumbi, kama si kanisa lililojitolea, na mwongozaji, ambaye mara nyingi hulipwa.