"Hiyo ni salfa tu": tunayoyasema kuhusu TB sugu

Mtwara na Lindi, ukikohoa miezi ya kupulizia mikorosho, jibu liko tayari: "Hiyo ni salfa tu." Kweli, salfa inawasha macho na koo, na aliyeshinda na bomba mgongoni atakohoa. Lakini kikohozi kikifika wiki mbili, tena na homa za jioni, jasho la usiku na suruali inayolegea kiunoni, nenda zahanati ukapime makohozi, huenda ni TB (kifua kikuu). Mwenye VVU asisubiri hata hizo wiki mbili.

Dhana inayonikera zaidi ni ya TB sugu, yaani ile isiyouawa na dawa za kawaida za TB: "TB sugu ni ya wakaidi walioacha dawa." Nusu yake ni kweli. Kuwahi kutibiwa TB, hasa kwa aliyekatisha dozi, ni kihatarishi kikubwa. Miongoni mwa mamilioni ya vijidudu vilivyomo kifuani, vichache huwa tayari vina mabadiliko yanayovikinga na dawa fulani. Ndiyo sababu mgonjwa anaanzishiwa dawa nne kwa pamoja: kinachoponyoka hii kinauawa na ile. Mtu akipata nafuu mwezi wa pili akaona amepona, akaacha, akaanza tena kwa kurukaruka, vile vichache ndivyo vinavyobaki na kuzaliana.

Ila vikishakuwa sugu, vinasambaa kwa hewa kama TB nyingine yoyote. Mke au mtoto anayelala chumba kimoja na mgonjwa anaweza kuanza moja kwa moja na TB sugu, wala hajawahi kumeza kidonge hata kimoja cha TB. Kumuuliza "uliacha dawa lini?" ni kumwonea. Cha kufanya ni kuwapima wote wa nyumba ile.

Wengine husema VVU ndivyo vinavyoleta usugu. Hapana, usugu ni wa kijidudu, si wa damu ya mtu. VVU hudhoofisha kinga, TB ya aina yoyote ikapata nafasi, na makohozi yanaweza kuwa na vijidudu vichache kiasi kwamba darubini isivione. Kisukari nacho huongeza hatari ya kuugua TB, na vilevile vumbi la mawe kwa wachimbaji wadogo, wa Ruangwa wakiwemo.

"TB sugu haiponi." Inapona. Hofu hii ina historia: tiba ya TB sugu ilipoanza nchini mwaka 2009, ilikuwa Kibong'oto, Kilimanjaro, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huku kusini, na ilichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, pamoja na sindano zilizoweza kuharibu masikio. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza, kwa wagonjwa wengi, tiba ya vidonge ya miezi sita yenye bedakwilini, dawa ya TB sugu. Na dawa za TB nchini ni bure.

Kuna pia wanaoficha kwamba waliwahi kutibiwa, wakiogopa kusemwa. Mwambie muuguzi, hata kama ni miaka mingi iliyopita, maana ndipo anapojua kwamba darubini peke yake haitoshi. Mashine ya GeneXpert huonyesha kwa takriban saa mbili kama kijidudu ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Kupata makohozi ya kupima, asubuhi sukutua kwa maji, toka nje penye hewa, vuta pumzi ndefu, ukohoe kutoka kifuani. Ukipeleka mate, utaambiwa urudie.